Mtu huanza wiki ya ngapi?

Mwaka 2010 nilikuwa mwalimu mpya, na chumba cha walimu cha shule yetu hapa Mombasa kiligawanyika kijani na nyekundu kama nchi nzima, kwa ajili ya kura ya maoni ya Katiba mpya. Kijani ni Ndio, nyekundu ni La. Waislamu wengi tulikuwa kijani, na sioni haya kusema kwamba Mahakama za Kadhi ndizo zilizotuamsha alfajiri kwenda kupanga foleni. Wenzetu wengi wa makanisani walikuwa nyekundu kwa mambo mawili: Kadhi na mimba.

Hilo la mimba lilikuwa na kichekesho chake. Katiba tuliyokuwa tukiigombania ilikuwa imeandika jambo lile lile makanisa yaliloliomba, kwamba uhai wa mtu unaanza pale mimba inapotungwa. Ibara ya 26, kifungu kidogo cha pili. Rasimu ya Kamati ya Wataalamu ya Novemba 2009 haikuwa na maneno hayo. Yaliingia wabunge walipojifungia Naivasha Januari 2010. Maaskofu hawakuridhika, kwa sababu kifungu kidogo cha nne kinakataza kutoa mimba halafu kinaacha mlango wazi: isipokuwa mhudumu wa afya mwenye ujuzi akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Hapo kwenye "afya" ndipo walipoona mwanya. Tarehe 4 Agosti tukapiga kura, kijani ikapata karibu asilimia 67, na tarehe 27 Katiba ikazinduliwa Uhuru Park. Chumba cha walimu kikarudi kwenye mazungumzo ya mishahara.

Miaka kadhaa baadaye swali lile lile lilitufikia nyumbani, na safari hii hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana. Mdogo wangu alishikwa na maumivu usiku, na kufika asubuhi mimba ilikuwa imeshatoka. Kadi yake ya kliniki ilisema wiki 18. Sista alitoka na trei ya chuma iliyofunikwa shashi, akatuuliza kwa upole kabisa, "Mtachukua, au mtatuachia?" Kila mtu anajua kuiachia hospitali maana yake ni tanuri la kuchomea taka.

Mamangu akapiga hesabu kichwani. Wiki 18 mara saba, siku 126. "Ameshapita mia na ishirini huyu," akasema. "Ametiwa roho. Haachwi hapa."

Shemeji yangu ni karani bandarini, hesabu ndiyo kazi yake. Akamwambia taratibu, "Mama, madaktari huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku hiyo mimba ilikuwa haijaingia. Toa wiki mbili." Zikabaki siku 112. Pungufu ya nane.

Wasomaji wasio Waislamu wanivumilie kidogo. Hadithi ya Ibn Mas'ud, swahaba wa Mtume, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, inasema mwanadamu hukusanywa tumboni mwa mamake siku 40 akiwa tone, kisha pande la damu muda kama huo, kisha pande la nyama muda kama huo, halafu hutumwa malaika akampulizia roho. Arubaini mara tatu, mia na ishirini. Wanawake wa mtaani kwetu wanaijua hesabu hii hata wasiojua kusoma. Wasichoambiwa darsani ni kwamba siku 120 za hadithi huanza mimba inapoingia, na wiki za kadi ya kliniki huanza kama wiki mbili kabla. Daktari hana ubaya hapo; siku ya hedhi mwanamke huikumbuka, siku yai lilipokutana na mbegu hakuna anayeijua. Basi kadi ikisema wiki 19 ndiyo unakaribia siku 120 za shehe. Wiki mbili hizi zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Texas, sheria iliyoanza tarehe 1 Septemba 2021 ilizuia kutoa mimba pindi mapigo ya moyo yanaposikika, yaani kama wiki ya sita. Wiki sita za kadi ni kiinitete cha wiki nne, na mwenyewe pengine amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu na bado anadhani ni uchovu.

Tukampigia simu shehe. Mama alikuwa amejitayarisha kutetea siku zake 126, lakini shehe hakuuliza siku. Aliuliza, "Ana umbo? Vidole mnaviona?"

Vidole tuliviona. Urefu wake wote ulikuwa kama shibiri yangu, ngozi nyembamba kiasi cha kuona mishipa, na vidole vya mkono wa kulia vimekunjwa vyote isipokuwa kimoja. "Basi mwosheni, mkafinini, mzikeni," shehe akasema. "Kusaliwa hasaliwi."

Hiyo ndiyo madhehebu ya Shafii tuliyokulia nayo pwani hii. Akitoka na dalili ya uhai, akalia au akatikisika, haki zake zote kama maiti mwingine: huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa. Akitoka kimya lakini umbo limeshadhihiri, huoshwa na huzikwa bila Sala. Umbo likiwa bado, hakuna la wajibu. Ni vizuri tu kumvika kitambaa na kumsitiri ardhini. Mama hakupendezwa na hilo la Sala, na kama angekuwa na shehe wa madhehebu ya Kihanbali angeipata, maana kwao aliyefikisha miezi minne husaliwa.

Mwosha wa mtaani alikuja na majani ya mkunazi, karafumaiti na kipande cha bafta kisichofika yadi. Hakutumia kata. Alichota maji kwa kiganja, akayaacha yachuruzike kwenye vidole vyake mwenyewe kwanza ili yasimwangukie kwa kishindo. Wanaume wakampeleka makaburini Kikowani. Walipofika walitakiwa kibali cha maziko, na kibali hatukuwa nacho, kwa sababu karatasi ya hospitali ilisema mimba imeharibika, na mimba iliyoharibika haina kibali. Ami yangu alizungumza na watu wa pale, mambo yakaisha kiungwana. Mdogo wangu alimpa jina. Silitaji, ni lake.

Wanawake waliokuja kumhani walimwambia lile ambalo bibi zetu waliambiwa: kwamba mtoto huyo atamvuta mamake kwa kitovu chake mpaka amtie Peponi, mama akisubiri na kutaraji malipo. Wapo wanazuoni wanaosema isnadi ya hadithi hiyo, yaani mlolongo wa walioipokea, ni dhaifu. Siku ile hakuna aliyethubutu kuitaja isnadi, na aliyethubutu angetolewa nje.

Nilichojifunza kwenye vitabu baada ya hapo (nilivisoma kwa hasira kidogo, nikitaka kujua kwa nini umbo na si siku) ni kwamba mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, hawakuwa wakijibu swali moja. Aliyempiga mwanamke mimba ikatoka hulipa ghurra, fidia ya aliye tumboni, ambayo wanazuoni waliikadiria kuwa ngamia watano. Diya kamili, yaani fidia ya mtu aliyeuawa, ni ngamia 100. Watano si sufuri, na si mia. Na ghurra hiyo hurithiwa na warithi wa mtoto, kama mtu aliyekufa na kuacha mali. Lakini baba akifa mkewe ana mimba, fungu la aliye tumboni huwekwa kando, na halipati mpaka azaliwe hai. Kwa hiyo huyo huyo mmoja anarithiwa lakini harithi. Imam Ghazali, ambaye ni Mshafii, aliandika kwamba kuharibu kilichokwisha kuwepo ni jinai tangu tone lilipotulia tumboni, kisha ubaya huongezeka likiwa pande la damu na la nyama, ukazidi roho inapoingia, na upeo wake ni baada ya kuzaliwa hai. Wapo wenye msimamo mkali kuliko huo, na ipo hadithi nyingine kwa Muslim inayomleta malaika baada ya nyusiku 40 na kitu, ambayo wengine hujengea hukumu zao. Mimi Ghazali ndiye aliyenikaa. Kwake uzito huanza mapema na hukua.

Mwalimu mwenzangu wa Biolojia hakubaliani nami hata chembe. Ni Mkatoliki wa Misa ya asubuhi, nyekundu wa 2010, na ni katika watu wenye akili zaidi ninaowajua. Hoja yake haianzi na Biblia. "Nionyeshe siku," huniambia. "Unasema mia na ishirini. Siku ya mia na kumi na tisa alikuwa nini? Kitu gani kilichobadilika usiku ule? Ukiirudisha nyuma siku moja moja hutapata mahali pa kusimama, mpaka ufike pale yai na mbegu vilipoungana. Pale ndipo penye badiliko la kweli. Kabla yake kulikuwa na seli mbili za watu wawili. Baada yake kuna mmoja mpya ambaye hajawahi kuwepo, na hana anachongojea isipokuwa chakula na wakati."

Hoja nzuri hiyo, na wanaomjibu kwamba "ni seli tu" hawajaisikiliza. Mimi humjibu kwa mapacha. Yai lililorutubishwa linaweza kugawika likawa mapacha wa kufanana mpaka kama siku ya 13 au 14. Ikiwa tayari alikuwa mtu mmoja tangu siku ya kwanza, je, huyo wa kwanza alikwenda wapi? Na ni kama siku hiyo hiyo ya 14 au 15 ndipo kwenye kiinitete hutokea mstari mdogo ambao uti wa mgongo utafuata. Uingereza, kamati ya Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 kwamba maabara zisikuze viinitete kupita siku 14, na sheria ya 1990 ikafuata hivyo. Mwenzangu hujibu kwamba mnyoo bapa ukikatwa vipande viwili hupata wanyoo wawili, na hakuna anayesema kabla ya kukatwa hapakuwa na mnyoo. Nimekaa na jibu hilo miaka, sijalipenda, na sijalivunja.

Siku moja nilimchokoza na historia ya kanisa lake. Mtakatifu Thomas wa Aquino, akimfuata Aristotle, aliamini roho ya kiakili haiingii mwanzoni. Hesabu ya Aristotle ilikuwa siku 40 kwa mwanamume na 90 kwa mwanamke (wanawake tunacheleweshwa tangu huko). Papa Sixtus wa Tano aliifuta tofauti hiyo ya kabla na baada ya roho katika adhabu za kutoa mimba mwaka 1588, Gregory wa Kumi na Nne akairudisha 1591, na mpaka Pius wa Tisa mwaka 1869 ndipo ilipoondoka kabisa. Hakutikisika. "Aquino hakuwa na hadubini," akaniambia. Yai la mamalia lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1827, na Karl Ernst von Baer. Na kuungana kwa kiini cha mbegu na cha yai kulionwa na Oscar Hertwig miaka ya 1870, akimchunguza yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma wavuvi miguuni. Maana yake ni kwamba "mimba inapotungwa" kama tukio la dakika fulani ni kitu ambacho binadamu hakuwahi kukiona mpaka karibu juzi. Yeye aona hilo linampa nguvu. Mimi naona linapaswa kutupunguzia kiburi sote.

Tunapokutana ni kwenye sheria, maana hapo sote wawili hucheka kwa uchungu. Tuichukue nchi yetu hii yenye Katiba inayosema mtu huanza mimba inapotungwa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, sura ya 149, inahesabu kuwa kuzaliwa ni kutoka kwa mtoto baada ya wiki ya 28, awe hai au mfu. Ndiyo maana ami yangu hakuwa na kibali pale Kikowani. Kanuni ya Adhabu, iliyoandikwa na Mwingereza na kuanza 1930, inasema katika kifungu cha 214 kwamba mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapotoka mzima mzima akiwa hai mwilini mwa mamake, awe amevuta pumzi au la, kitovu kiwe kimekatwa au la. Vuka Lunga Lunga uingie Tanzania, utazikuta sentensi zile zile katika kifungu cha 204. Na kutoa mimba kinyume cha sheria kuna adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 14 kwa aliyeitoa na saba kwa mwenye mimba, si adhabu ya mauaji. Wale wa ngamia watano wangeelewa.

Usinielewe kwamba nataka makosa yapandishwe mpaka yalingane na Katiba. Tulishaona majaribio. Mwaka 2004 vijusi 15 viliokotwa vimetupwa Nairobi, na daktari mmoja na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa kuua. Si kwa kutoa mimba, kwa kuua. Wakakaa rumande, na mwaka uliofuata mahakama ikawaachilia. Marekani, Mahakama Kuu kabisa ya Alabama iliamua Februari 2024 kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto kwa mujibu wa sheria ya vifo vya uzembe. Kliniki zikasimamisha huduma kwa hofu, na hazikupita hata wiki tatu wabunge wale wale wanaopinga utoaji mimba wakapitisha sheria ya kuzikinga. Hapa kwetu watoto wa kwanza wa maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Viinitete vinagandishwa kwenye naitrojeni chini ya ibara ya 26, na sijamsikia askofu wala shehe akiongoza maandamano kwenye mlango wa kliniki hizo. Mwalimu mwenzangu wa Biolojia husema ni unafiki, na hapo namuunga mkono: yeye angalau anazipinga nazo. Huo ndio msimamo ulionyooka. Wengi wetu, kijani kwa nyekundu, twasema "tangu kutungwa" kwenye kura kisha twaishi kwa hesabu nyingine kabisa. Sensa ya Agosti 2019 ilimhesabu mjamzito mtu mmoja. Bi arusi mwenye mimba akipanda ndege hulipa tiketi moja.

Na sentensi ile haikufanya kile kilichotarajiwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa na Wizara ya Afya na washirika wake kuhusu mwaka 2012, miaka miwili baada ya kura, ulikadiria mimba karibu 465,000 zilizotolewa kwa mwaka, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa kwa madhara yake. Mwishoni mwa 2013 Wizara hiyo hiyo ikaiondoa miongozo iliyowaonyesha wahudumu wafanye nini. Msichana mmoja aliyebakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba mahali pasipo salama, alifariki 2018. Kesi iliyofunguliwa kuhusu miongozo hiyo iliamuliwa na majaji watano Juni 2019, wakasema kuiondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Sitaki kulipitia jambo hili kwa urefu, wapo mawakili wanaoliandika vizuri kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba katika kesi zote hizo hakuna jaji aliyepata nafuu kwa kujua mtu huanza lini. Walichohitaji kujua ni nani yuko hatarini na nani ana mamlaka ya kuamua kitandani pake.

Tuna swali moja kubwa la kelele na maswali kadhaa madogo ya kazi: nani azikwe, nani arithi, nani alipe fidia, nani afungwe, nani aandikwe. Kila dogo lina siku yake, na mafakihi, pamoja na ukali wao, walikubali kuyajibu moja moja bila kuona aibu kwamba majibu hayafanani. Katiba ilitaka siku moja kwa yote. Ndiyo maana haijibu lolote, na yule aliyepoteza mimba ya wiki 18 anatoka hospitali akiwa ameambiwa na nchi yake kwamba aliyembeba alikuwa mtu tangu siku ya kwanza, na akiwa hana hata karatasi ya kumpitisha getini makaburini.

Uingereza walianza Februari 2024 kutoa cheti cha hiari kwa wazazi waliopoteza mimba kabla ya wiki 24. Hakina nguvu ya kisheria, hakihesabiki kuwa cha kuzaliwa wala cha kifo, na asiyekiomba hapewi wala haulizwi. Nilimpelekea mwalimu mwenzangu habari hiyo. Alitaka kiwe cha lazima. Nikamwambia siku kitakapokuwa cha lazima, kila mwanamke aliyetokwa na mimba atatakiwa kuieleza polisi, na wanaofika wodini wakivuja damu wataogopa kusema ukweli. Akafikiri, akakubali kiwe cha hiari. Tuliandika mfano wake nyuma ya karatasi ya majaribio ya kidato cha pili: jina la mama, la baba akitaka kuwepo, tarehe, mahali, na nafasi ya jina la mtoto kama lipo. Chini kabisa mstari mmoja unaosema mwenye karatasi hii aruhusiwe kuzika. Nimempa diwani wetu nakala, na nyingine iko kwa karani wa makaburi, ambaye ameniuliza kama anaweza kuanza kuitumia sasa hivi bila kungoja Bunge.